Mkanda Uliofungwa

Ilitokea baharini, Jumanne, tukikama.
Ndege ya mbao, mabawa juu na mabawa chini,
mngurumo wake kama cherehani iliyokwama uzi.
Kule mwambani, kambini, mizinga ilinyamaza ghafla,
na ukimya ule, mimi mtoto wa miaka tisa,
ndio ulionitia baridi.

Baba akatua ndoo.
Ilipita juu ya paa la kanisa, ikainama kidogo
kama mgeni anayesoma kibao cha njia,
ikaukosa mwaloni,
ikalivaa rundo la nyasi kavu la Bibi Angharad.

Mama akapiga yowe: "Mna mtu mle!"
Nasi tulikuwa na Idwal, kaka yangu, rubani
mahali ambapo barua zake zilifika zimekatwa kwa mkasi.
Basi Baba hakukimbia kama jirani.

Aliingia motoni na blanketi la farasi,
mara ya pili bila blanketi.
Akapapasa kiti. Kiti kilikuwepo.
Mkanda ulikuwepo, umefungwa, umekazwa,
umekumbatia hewa.
"Ametupwa nje," akasema. "Mtafuteni."
Tukamtafuta mpaka jioni, mtaroni, kwenye miiba,
tukimwita kwa Kiwelisi, kisha, kwa haya, kwa Kiingereza,
maana hatukujua kwao ni wapi.

Usiku akaja luteni na taa na fomu.
Akaeleza polepole, kama anayefundisha watoto hesabu:
hamkuwa na mtu. Ile ni shabaha tu,
huendeshwa kwa redio; yuko kijana mwambani
anazungusha namba kama za simu,
hii kushoto, hii kulia, hii kushuka.
Leo alizungusha, haikuitika.

Akaandika: nyasi, tani mbili. Lango. Kondoo jike, mmoja.
Fomu haikuwa na mstari wa mikono.

Mama akacheka, kicheko kibaya, hakikukoma upesi.
Baba alitazama vitambaa vilivyomeza vidole vyake,
akauliza kwa adabu:
"Na mkanda, aliufunga nani?"
"Fundi," luteni akajibu. "Ili usining'inie."

Idwal alirudi mzima.
Baba alimpokea stesheni, akamkumbatia kwa viwiko.
Lakini nyasi zilipokatwa kiangazi kile
nilimwona kandokando ya mtaro, peke yake,
fimbo kwapani,
akifunua miiba.