Mzungu wa Nne

Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni, zingatia muda.
Saa mbili kasoro Nyamizi alikuwa bado saluni, Majengo,
na mama zake wadogo, siku mbili njiani toka Tabora,
walisimama nje ya ukumbi na sare zao za kijani
wakimuuliza mlinzi: mlima uko wapi?
Akanyoosha rungu. "Pale."
Pale palikuwa na wingu.
"Haya, tutaamini," akasema mmoja, wakaingia.

Sisi tulipewa meza ya kumi na nne, mlangoni pa jikoni,
kibao cha karatasi: MARAFIKI WA CHUO.
Viti saba. Tulikuja wanne:
Masalu, kipara sasa, anauza pembejeo Kahama;
Tusajigwe na mtoto aliyelala kabla ya maombi;
mimi;
na wewe, Koku, na miwani nisiyoijua,
ukiitazama chupa ya soda kana kwamba ina maandishi mengi.

Miaka sita.
Baba yako alipozikwa Muleba sikuja.
Nilituma elfu ishirini kwa simu, na neno pole,
na ya kutolea sikuweka.

Mimi, niliyelala kitandani kwako mihula minne,
mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pako,
nikimkwepa matroni, kwa kuwa chumba sikupata
na bumu langu lilikwama hadi Februari.
Nilizijua soksi zako zote. Nilijua
unaota kwa Kihaya na unahesabu kwa Kiswahili.

MC akatuita: "Wa chuo! Dakika moja!"
Masalu akashika kipaza sauti, akaanza
jinsi Ndelilio alivyouza pasi yake
amnunulie Nyamizi viatu, halafu kila Jumapili
akawa anakwenda kuiazima pasi ileile
Watu hawajamaliza kucheka, muziki ukamkata.

Ndafu akaingia mzima, majani mdomoni,
wapishi wakicheza nyuma ya toroli.
Shangazi wa bwana harusi, wa Machame, meza ya jirani,
akanieleza bila kuulizwa:
"Hayo majani marefu pale langoni si pambo tu.
Ni isale. Ukimkosea mtu unampelekea.
Huku kwetu isale halikataliwi."
"Na kama yeye si wa huku?"
Akaacha kutafuna.
"Basi utajua ukishampa."

Nikatoka. Mlinzi aliniona nikichomoa jani,
akageuka, akawa anahesabu magari.

Nililiweka mbele yako, kati ya sahani na vijiti vya meno.
Hukuuliza. Ulilikunja mara mbili, mara tatu,
kama ulivyokuwa ukikunja risiti za kafeteria,
ukalitia mkobani.
"Ya kutolea," ukasema, "ilikuwa elfu moja na mia tatu."
Nikafungua pochi. Ukanishika mkono.
"Mzee alikuulizia wiki ile ya mwisho.
Yule mtoto wa Lindi, siku hizi anakula?"

Nililia ndani ya leso ya karatasi
yenye majina ya maharusi kwa wino wa dhahabu;
wino ukabaki shavuni mwangu,
na kwenye picha zote za meza ya kumi na nne
nina herufi N karibu na jicho.

Gesti ya Njoro ilikuwa imejaa. Harusi nne usiku ule.
Kimebaki chumba kimoja, akasema kijana wa mapokezi,
kitanda futi tatu na nusu, mko tayari?
Hatukujadili. Wewe ulivua miwani, mimi nikageuza mto.
Dirishani walevi walibishana
nani mjomba wa nani, na mbege imebaki kwa nani.
Miguu yako, baridi ileile, ikanifika begani.

"Sogea huku," ukasema, "usije ukaanguka."
Nikasogea,
ingawa upande wangu ulikuwa wa ukutani.