Witiri

Usiku wa Yohana Mtakatifu, Oriella
akapanda mjozi pekupeku, kama mamaye,
achume jozi mbichi kwa hesabu ya witiri:
ishirini na tatu, isizidi, pombe isije ikachacha.

Akazikata. Vidole vikaingia weusi
usiotoka kwa sabuni wala limau;
Jumatatu, benki, wakaudhani uchafu.

Mdalasini, karafuu, sukari, spiriti kali.
Mtungi dirishani, Modena, siku arobaini za jua,
kisha gizani, kungoja theluji.

Leo Krismasi. Anachanganya na maji ya chungwa,
barafu, ganda la limau lililosokotwa.
Ivano aliitaka hivi, tamu kupita kiasi.

Bilauri jozi mezani. Mazoea.
Moja anairudisha kabatini,
anaonja ya kwake, anakunja uso:

bado changa.
Ingengoja Machi.