Viatu Visivyochukuliwa

Duka letu liko Porto, kwenye mteremko wa mawe
yanayoteleza mvua ikinyesha, na mvua hunyesha.
Rafuni kuna jozi thelathini na nne zenye vikaratasi,
namba kwa mwandiko wa kaka yangu Belmiro:
saba zake zina mkia kama ndoana.
Ya mwisho aliiandika tarehe sita Februari.

Tangu hapo yuko juu, chumba cha nyuma,
ameelekea ukuta.

Mwanzoni nilipanda ngazi na mdomo wangu.
Jikaze, nilisema. Una mikono, una ufundi, una mimi.
Nikafungua dirisha kwa kishindo,
nikamwita mvivu kwa utani,
utani wenye msumari ndani.
Alivuta blanketi hadi sikioni,
taratibu, kama anayefunika maiti.
Nikashuka, nikaipiga soli kuliko ilivyohitaji.

Daktari Filomena alikuja jioni, akaketi kitandani.
Alitaja jina: sonona.
Neno laini mno, niliwaza,
kwa kitu kilichomwangusha mtu wa kilo tisini.
"Si huzuni," Belmiro akasema, sauti ya siku nne bila maji.
"Huzuni naijua, nilimzika mama.
Hapa naona kijiko, najua ni kijiko,
sijui kwa nini kinyanyuliwe."

Daktari akamuuliza waziwazi:
Unafikiria kujiua?
Nilitaka kumziba mdomo.
"Wakati mwingine," akasema kaka,
na dari halikuanguka.
Usiku huo vidonge vilihamia kabatini kwangu,
visu vya ngozi vikalala kwa jirani.

Sasa napanda na kiatu, sindano, uzi wa nta.
Nakaa sakafuni, nashona.
Supu ya kabichi inapoa kwenye kiti; ikipoa, nainywa mimi.
Akisema toka, natoka,
nikiwa nimesema saa moja narudi saa moja,
hata kama ni kukaa tu tukisikiliza bomba la jirani.
Nisiseme uongo: kuna usiku nilimchukia,
nikamwambia mbwa wa muuza samaki, si yeye.

Juzi Bi Hermínia alifuata viatu vyake mara ya tatu.
Fundi anaumwa, nikasema.
Anaumwa nini?
Nikalitaja, kama mtu anavyotaja homa.
Alikunja kikaratasi chake, akakirudisha mkobani.
"Basi vikae. Nina vingine."

Jana, nikishona kisigino, nikasikia ukutani:
"Uzi huo umelegea."
Ulikuwa umelegea kweli.
Nikaufumua, nikaanza upya, sikugeuka,
mkono ukinitetemeka nikaharibu mishono miwili.

Leo hajasema kitu.
Nimepeleka kiatu kingine.