Lita Sita

Sindano ilianza kupanda tangu daraja la Sabaki,
nikajifanya sikuiona.
Nyuma ya Probox nina sare za shule tatu,
marinda ya buluu, kaptura za kaki,
na kichwani deni la kitambaa.
Nani ana nafasi ya kusoma dashibodi?

Nilipoipita Magarini
chini ya boneti kukawa na mtu anachemsha chai
ambaye sikumwalika.
Harufu tamu, kama sukari iliyoungua.
Nikazima.

Bwanaheri, fundi wangu wa Ngala, kaniambia mara mia:
"Mama Shamsa, kizibo cha rejeta usikiguse kikiwa moto.
Kina hasira za mtu aliyenyamazishwa.
Ngoja. Hata kama bibi harusi anakusubiri, ngoja."
Nikangoja, nusu saa, kwenye kivuli cha mlango wangu mwenyewe,
nikihesabu maji niliyokuwa nayo:
nusu chupa, na mate.

Ndipo akapita Kadzo (jina nililijua baadaye)
mtoto ubavuni, akaniita nyumbani.
Madumu mawili ya njano ukutani.
Akayaonyesha kwa kidevu:
"Hili la kisima, ya chumvi. Tunaogea, tunapikia,
mtoto anakunywa, kashazoea.
Hili la bwawani, matamu.
Niliondoka alfajiri, nikarudi jua la saa nne."

Nilitaka kusema la chumvi. Wallahi nilitaka.
Ulimi ukafika mlangoni, ukakumbuka
rejeta ya kwanza, niliyoinywesha kisima cha Mambrui
mwaka mzima, ikatafunika ndani kama jino,
Bwanaheri akaikung'uta mbele yangu
ukamwagika unga mweupe na kutu.

"Chumvi inalila," nikasema, nikitazama ndala zangu.
"Gari halinywi ya chumvi?"
"Halinywi."
Akacheka, wala si kwa ubaya.
"Basi linadeka kuliko mwanangu."

Nikafunika kizibo kwa rinda la darasa la nne,
nikakizungusha robo. Kikapumua.
Robo tena.
Kopo, kopo jingine, polepole,
maana chuma cha moto kikinyweshwa kwa pupa hupasuka.
Alimimina yeye; mimi mikono ilitetemeka,
na hakutaka tone liende chini.
Alihesabu kwa Kigiriama, kwa sauti.
Mtoto alilisindikiza kila kopo kwa macho
kama atazamaye sahani ya wageni.
Lita sita. Gari likanyamaza, likameza.

Nikatoa noti ya mia mbili.
"Hiyo nikaichote wapi?"
Nikamwachia rinda lile, lenye doa la kutu,
na mtoto wake hata miaka miwili hajafika.
Kwa nini rinda? Sijui. Mkono ulitaka kuacha kitu.

Nikarudi kwa mwendo wa arobaini, madirisha wazi,
hita nimeifungua mpaka mwisho,
joto la Machi, na hita!
ili injini initupie mimi homa yake.
Sindano ikalala chini ya nusu.
Mimi nikaiva.

"Maji ni ya kukufikisha kwangu tu," alisema Bwanaheri.
"Si ya kukaa."
Akalegeza bomba.
Yakatoka rangi ya chai ya rangi,
yakapita katikati ya viatu vyake,
yakafuata ufa wa sakafu mpaka mtaroni,
yakasukuma ganda la ndizi, yakaliacha, yakaenda.
Akafungua galoni ya dawa ya kijani,
inang'aa kama sharubati ya Idi,
ubavuni picha ya fuvu.
"Gari liko huku," akasema. "Mbona unatazama mtaro?"

Ijumaa nina safari tena ya Marafa.
Madumu manne nimeyaosha kwa sabuni,
nikayasuuza mara tatu,
nikayanusa.