Dakika Nane za Kioo

Sisi tunaohesabu saa tangu jua lichomoze
tungepotea Vardø mwezi wa Desemba:
jua haliji kabisa, na saa moja haina pa kuanzia.
Oddny huamka saa tisa na nusu usiku
kwa sababu theluji haina Jumapili.

Kazi yake ni kulima.
Si shamba, barabara. Katapila la manjano,
jembe pana kama mlango wa kanisa,
na kila anachokisukuma leo
kesho kimerudi kulala palepale, kama mbwa wa jirani.

Septemba alijipangia kusali.
Alinunua daftari, mshumaa, kalamu nyekundu,
akasogeza kiti dirishani, akakitandikia ngozi ya kondoo.
Saa nzima, alisema. Kila siku, alisema.
Ahadi ni deni.
Siku ya tano alisinzia na Amina mdomoni.
Siku ya tisa alikuwa na mafua.
Kisha daftari likawa la mambo ya dukani:
maziwa, betri, siagi,
na kiti kikapata mwenyewe, nguo zisizopigwa pasi.

Alimwambia mchungaji Aslaug, kwa aibu, juu ya kahawa.
Aslaug akacheka:
"Mimi husali mayai yakichemka.
Ndiyo maana nayala magumu."

Basi. Kioo cha katapila huganda usiku.
Ukiwasha injini, hewa ya moto huchukua dakika nane
kuila barafu, kuanzia chini:
tundu kama sarafu,
tundu kama sahani,
halafu barabara.
Dakika nane ambazo zamani alizitukana.
Sasa anavua kofia. Glavu zinabaki; Mungu hajali glavu.

Anasema Baba Yetu, taratibu, bila nyongeza,
na kila siku anakwama palepale,
kwenye wadeni.

Kwa maana mwisho wa barabara ya juu anakaa Eivind,
kaka yake, aliyeuza nyumba ya mama
na piano ndani yake, bila hata simu.
Miaka sita Oddny hulima mpaka langoni pake,
huinua jembe, hugeuza.
Kanuni ya manispaa: njia za watu binafsi si kazi yetu.
Jinsi alivyoipenda kanuni ile!

Siku nyingine neno linapita, kavu kama biskuti.
Siku nyingine halipiti, anakaa kimya
na wipa zinakwaruza badala yake.
Kuna asubuhi alisahau, akakumbuka yuko nusu ya mji,
akasimama katikati ya njia, taa za chungwa zikizunguka,
akaanza mwanzo, basi la shule likimpigia honi.
Kuna wiki ya Februari hakusali hata mara moja.
Wiki hiyo kioo kiliyeyuka vilevile,
dakika nane, kikimtazama.
Jumatatu akarudi. Hakujieleza sana.
Theluji nayo haikuulizi jana ulikuwa wapi.

Sitawaambia kwamba amepatana na Eivind.
Ninachojua ni kwamba tarehe tatu Machi,
langoni pale, jembe halikuinuka.
Lilikwenda mita kumi na nne, mpaka kwenye ngazi,
kisha katapila likarudi kinyumenyume, king'ora kikilia
pii, pii, pii,
likaamsha mtaa mzima isipokuwa, labda, Eivind.
Kama pazia lilitikisika, yeye hakutazama.

Jioni alilitafuta lile daftari.
Chini ya siagi akaandika: nane.
Hakuandika nane ya nini.

Usiku ikaanguka theluji, sentimita ishirini,
ikazifunika mita zote kumi na nne.
Saa tisa na nusu
akawasha injini.