Kofia ya Mwenyekiti

Kichwa chake ni inchi ishirini na tatu kasorobo.
Nimekipima mara mbili, miaka kumi na tisa katikati,
hakikuongezeka hata upana wa uzi.
Kichwa hakinoni. Kinachonona ni shingo.

Mara ya kwanza hakuwa na cheo cha kutajika.
Aliketi kwenye baraza ya jirani, hapa Langoni,
na gazeti la juzi lisilofunuliwa ukurasa,
akauliza njia ya Mkomani
kwa lafudhi ya bara aliyojifunza kwa bidii,
yeye, Famau wa Bi Shekue,
aliyekatiwa kitovu huko huko Mkomani,
na mkunga alikuwa mamangu.
Tukamwelekeza. Kata kulia, kisha kulia tena.
Mtu akijificha
si adabu kumwambia kisigino chaonekana.

Alinunua kofia asiyoihitaji.
Akauliza nani huswali wapi, nani ana simu mbili,
mpwa wangu Bwanaheri anasoma nini, kwa nani.
Nilimjibu.
Hilo ndilo ninalolala nalo:
nilimjibu vizuri, na kahawa nikamwagizia.

Shaabani haijaandama, ikaja boti isiyo na namba.

Dadangu hadi yeo hatii komeo mlangoni.
Wezi wamejua, na wezi wamemwacha.

Sasa ana Shirika. Redio imesema
taifa limemkabidhi kwa uaminifu wake.
Lina viwanda tisa: risasi, mabuti, mahema,
biskuti za askari za kuvunja meno,
videge visivyo na rubani,
na, hili sikulijua mpaka harusi ya kina Lali,
maji ya kunywa. Chupa ina chapa ya ngao.
Tulikunywa. Yalikuwa baridi, matamu,
bibi harusi akaomba ya pili.

Alikuja na vijana wawili wenye waya masikioni.
Punda aliyebeba mchanga akawabana ukutani
wala hawakujua wamripoti kwa nani.
Yeye akaingia, akavua viatu, akakaa.
Nikamzungushia utepe. Sindano nilikuwa nayo mdomoni,
ndiyo maana sikusema kitu.
Hiyo ni sababu au ni kisingizio,
sijaamua.
Masikio yake ni madogo. Nilitarajia makubwa.

Miezi minne niliishona.
Kitobo hutobolewa, kisha huzungushiwa uzi
pembeni, polepole, kisichanike:
tundu ni kazi ya mikono, si uwazi tu.
Hesabu yake naijua kama tasbihi.
Nikatoboa kimoja zaidi, nyuma, juu ya kisogo,
mwenyewe asipopaona
na kila anayemfuata hupaona.

Siku ya kuichukua hakuivaa kwanza.
Aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole,
midomo ikicheza bila sauti.
Nilidhani ni dua. Alikuwa anahesabu.
"Kimezidi kimoja."
"Cha kupumulia, mheshimiwa."
"Cha nani?"

Uchochoroni mtu alikuwa anakwangua sufuria.
Akakwangua, akakwangua, akaacha.

Mwenyekiti akavaa kofia. Ilimkaa, Mungu anisamehe,
ilimkaa kama alizaliwa nayo.
"Risiti," akasema, na lafudhi sasa ilikuwa ya Mkomani,
ya mamake hasa, ile ya kuvuta mwisho wa neno.
"Andika jina la Shirika. Wakaguzi siku hizi
hawaniachi nipumue."

Nikaandika: kofia moja, nyeupe. Elfu kumi na nane.
Wino ulikuwa unakauka, nikaikandamiza kalamu
mpaka kaboni ikalia.
Ya juu kaenda nayo, ameikunja mara nne.
Ya chini, ya buluu, ninayo mimi,
nayo ina mstari mmoja ambao ya juu haina,
nilioutia yeye akitafuta kiatu cha pili:
Bwanaheri.
Mahali pa kiasi sikujaza.