Blanketi la Monga

Daftari la babu (huku kwetu tunamwita kambo)
lilikaa miaka arobaini ndani ya mfuko wa saruji
juu ya kabati la shangazi, Kamalondo,
likinuka sabuni na unga wa mahindi.
Penseli. Kiswahili cha reli, kimechanganyika na amri za Kilingala.
Mwandiko umeinamia mbele
kama watu wanaopanda mlima na mizigo.

Jumapili, baada ya misa, nilianza kulizungusha:
Kenya, Katuba, hadi Ruashi,
nikitafuta majina aliyoyaandika pembeni,
uzao wa wale waliopanda treni pamoja naye
kwenda kupigana na Waitaliano,
watu ambao hawakuwahi kugombana nao.

Kwa akina Chishimba nilisoma ukurasa wa nane:
baba yao alikoroma hata akiwa zamu,
sajini akamfunga kengele ya mbuzi.
Wakacheka hadi bukari ikapoa.
Kwa Mwepu ulikuwapo mstari mmoja tu:
"Mwepu amekataa kubeba kiti cha luteni. Fimbo nane."
Mjukuu wake, fundi wa redio, aliomba niurudie.
Nikaurudia.
Akazima redio zote nne.

Shangazi alikuwa ameniambia: thelathini na moja, ruka.
Wafu hawana haraka, na walio hai wana presha.

Lakini Mama Kyabu alinipokea mlangoni
amevaa kitenge kipya kwa ajili ya daftari.
Alizaliwa miezi minne baada ya treni kuondoka,
na maisha yake yote aliambiwa: Saio, risasi, ushujaa.
Akaketi. Akavua viatu, kama kanisani kwao.
Nikasoma.

"Monga anaharisha, leo siku ya sita. Mchele umekwisha.
Usiku baridi ya mlima haikuchagua cheo.
Nilichukua blanketi lake kabla hajamaliza kupumua.
Mungu aliona. Na mimi niliona."

Nje mtu alikuwa anajaza upepo gurudumu la baiskeli,
fuu, fuu, kisha akaacha.

"Rangi gani?" akauliza.
"Nini, mama?"
"Blanketi."

Rangi babu hakuiandika. Ila naijua.
Kijivu, nikamwambia, na mstari mwekundu ukingoni.
Baba yangu alizaliwa juu yake.
Sisi watoto watatu tulijifunika, tukivutana,
na vipande vya mwisho tulifutia mnyororo wa baiskeli.
Nilisema yote. Sijui kwa nini nilisema hata mnyororo.

"Kijivu," akasema, taratibu,
kama mpishi anayeonja chumvi.
"Mama hakuwa na picha. Nilimwaza baba
miaka yote hii bila rangi yoyote."
Akakunja pindo la kitenge, akalikunjua.
Kisha, bila kunitazama:
"Na ninyi, hamkusikia baridi?"
"Hapana, mama. Hatukusikia."

Akamwita kijukuu alete daftari la shule
anakili ukurasa mzima,
na pale pa blanketi, na pale pa pumzi.
Mtoto alilala kifudifudi kwenye saruji, ulimi nje,
akafika nusu, akainua kichwa:
kupumua, ina u mbili au tatu?

Tatu, akajibu Mama Kyabu,
ambaye hakuwahi kwenda shule.
Mwandikie zote.